CLARENCE DEMAR: ALIAMBIWA MOYO WAKE MBOVU, AKASHINDA BOSTON MARA SABA

Wadau wa michezo, leo tuweke mpira pembeni kidogo. Kila mwaka ikifika Aprili, msimu wa Boston Marathoni, ubishi wa vijiweni ni ule ule: Wakenya wanachukua tena au Wahabeshi? Mbongo gani kaenda safari hii? Na lazima atokee mmoja wa kusema fulani naye kazeeka bana, ana miaka 34, apumzike awapishe madogo. Ukikutana na mtu wa namna hiyo, usibishane naye sana. Mtajie jina moja tu: Clarence DeMar.

Huyu ni Mmarekani, amefariki tangu mwaka 1958, kwa hiyo sishangai kama ndo kwanza unamsikia. Lakini rekodi yake mpaka leo iko pale pale. Ameshinda Boston mara saba. Kwa wakimbiaji wa miguu hakuna aliyewahi kumfikia, wake kwa waume. Robert Kipkoech Cheruiyot wa Kenya, pamoja na ukali wake wote, aliishia mara nne. Catherine Ndereba naye nne. Bill Rodgers, Mmarekani mwenzake, nne. Juma Ikangaa wetu alikuwa wa pili miaka mitatu mfululizo, 1988, 1989 na 1990, na ile ya 1988 alipigwa na Ibrahim Hussein kwa sekunde moja tu. Sasa fikiria mtu kubeba mara saba!

Tena sikia hii. Katika hizo saba, ya kwanza alishinda akiwa kijana wa miaka 22. Sita zilizobaki zote alizipata baada ya kuvuka miaka 33, na ya mwisho akiwa na miaka 41. Mpaka leo ndiye mwanamume mzee kuliko wote waliowahi kushinda Boston. Na alifanya hayo yote baada ya daktari kumpima na kumwambia moyo wake una kasoro, aachane na mbio.

Tuanze mwanzo.

DeMar alizaliwa tarehe 7 Juni 1888 huko Madeira, jimbo la Ohio. Baba yake alifariki yeye akiwa na miaka minane. Maisha yakawa magumu kweli kweli, watoto kibao, mama peke yake. Dogo akaingia mtaani kuuza sindano, pini na uzi, anachapa lapa kutoka kijiji hadi kijiji, umachinga kama huu wetu. Familia ikahamia Massachusetts, na kule mama akashindwa kuwatunza wote. Clarence akapelekwa kwenye shule ya bweni ya wavulana iliyokuwa kwenye kisiwa katika bandari ya Boston, kisiwa cha Thompson. Ilikuwa shule ya kazi za mikono, kulima na ufundi, nidhamu ya kijeshi jeshi. Hakuipenda. Ila huko ndiko alikojifunza uchapaji, ile kazi ya kupanga herufi za chuma moja moja kabla ya kuchapa kitabu au gazeti, na kazi hiyo ndiyo iliyomlisha maisha yake yote. Mbio hazikumpa hata senti. Enzi zile mkimbiaji wa ridhaa akipokea pesa anafungiwa, na Boston yenyewe imeanza kutoa zawadi za fedha mwaka 1986.

Alipotoka kisiwani akaenda kufanya kibarua kwenye shamba la matunda huko South Hero, Vermont, halafu akaingia chuo kikuu cha jimbo hilo huku anajilipia kwa vibarua. Hapo chuoni ndo akajiunga na timu ya mbio za nyika. Alikuwa ameshafika umri wa miaka 20 na ushee kabla hajakimbia shindano la maana. Hakuwa na kasi. Hilo lazima lisemwe, maana watu hudhani bingwa huzaliwa na mbawa. Alichokuwa nacho ni kutochoka. Wenzake wakianza kutoa ulimi yeye ndo kwanza anapasha. Hakumaliza chuo, mama na ndugu walihitaji msaada, akarudi eneo la Boston kufanya kazi kwenye kiwanda cha uchapaji.

Mwaka 1910 akajaribu Boston kwa mara ya kwanza. Akawa wa pili, dakika moja hivi nyuma ya Fred Cameron kutoka Nova Scotia, Kanada. Kwa mgeni, si mchezo.

Mwaka uliofuata, 1911, kabla ya bunduki ya kuanzia, madaktari wakawapima wakimbiaji kama ilivyokuwa desturi. Wakaweka kifaa kifuani kwa DeMar, wakasikia sauti isiyo ya kawaida kwenye mapigo. Wakamwambia hii iwe mbio yake ya mwisho, na hata hiyo akijisikia kuchoka njiani atoke. Wadau, jiweke kwenye nafasi yake. Una miaka 22, umejiandaa mwaka mzima, uko kwenye mstari, halafu mtu mwenye koti na elimu yake anakwambia moyo wako hauko sawa.

Akakimbia. Akashinda kwa saa 2:21:39, akavunja rekodi ya njia ile iliyowekwa mwaka 1907 na Tom Longboat, yule Mhindi Mwekundu maarufu wa Kanada. (Msishangae muda kuwa mzuri hivyo. Wakati ule njia ya Boston haikufika kilomita 42, ilikuwa kama 39 na nusu.) Kwenye kitabu cha maisha yake alichotoa mwaka 1937, DeMar anaeleza kwamba daktari aliyemtahadharisha alikuja kufariki muda si mrefu, tena kwa maradhi ya moyo.

Ushindi ule ulimpa nafasi ya kwenda Olimpiki ya Stockholm mwaka 1912. Huko mambo hayakwenda vizuri. Joto lilikuwa kali, karibu nusu ya walioanza hawakumaliza, na Mreno mmoja, Francisco Lázaro, alianguka njiani na kufariki kesho yake. DeMar akamaliza wa 12. Alirudi nyumbani na hasira, kwa sababu makocha wa timu walitaka kumpangia kila kitu, kuanzia chakula hadi namna ya mazoezi, wakati yeye alizoea kujipangia mwenyewe. Nadhani hapo ndipo tabia yake ya kutomsikiliza mtu ilipokomaa. Wengine walimwita mkorofi. Kweli alikuwa na hasira za karibu. Mtu akimkaribia barabarani katikati ya mbio kumsumbua, au akimng'ang'ania ili asaini karatasi wakati bado anahema, alijuta.

Baada ya Stockholm DeMar akapotea. Yaani akaacha. Kwa takriban miaka mitano hakuonekana Boston kabisa. Sababu zilikuwa zaidi ya moja. Yale maneno ya madaktari yalikuwa bado kichwani. Pia alikuwa mtu wa kanisa, Mbaptisti wa kweli, na alianza kujiuliza kama kukimbia ili upigiwe makofi ni jambo la kumpendeza Mungu au ni kujitafutia sifa tu. Na alikuwa anasoma, mchana kiwandani, jioni darasani. Ukipiga hesabu, hiyo ndo miaka ambayo mkimbiaji wa kawaida anakuwa kwenye kilele, kuanzia 24 hadi 28. Yeye kilele chake alikitumia kupanga herufi na kusoma usiku.

Mwaka 1917 akarudi, akawa wa tatu. Halafu vita. Marekani ikaingia kwenye Vita Kuu ya Kwanza, DeMar akavaa magwanda akapelekwa Ulaya. Aliporudi mwaka 1919 alikuwa na umri wa miaka 31, hana mke, anaishi Melrose nje kidogo ya Boston, anafundisha watoto shule ya Jumapili na kulea kundi la skauti. Kwa akili ya kawaida ya wakati ule, na hata ya sasa, huyo alikwisha. Miaka 11 tangu ashinde ndiyo ilikuwa inakaribia.

Ila alikuwa na siri moja ambayo wengi hawakuitilia maanani. Alikuwa anakwenda kazini kwa miguu yake. Kutoka Melrose hadi mjini ni kilomita 11 hivi. Asubuhi anatoka nduki na shati safi mkononi, jioni anarudi hivyo hivyo. Mvua, theluji, jua, yeye yumo. Majirani walidhani jamaa kadata. Hakuwa na kocha, hakuwa na gym, hakuwa na lishe maalumu. Alikuwa na kazi ya kusimama siku nzima na njia ya kwenda na kurudi.

Aprili 1922 akajitokeza tena kwenye mstari, miezi miwili kabla hajatimiza miaka 34. Akashinda kwa 2:18:10, akaipiga chini rekodi ya Frank Zuna ya mwaka mmoja nyuma, 2:18:57. Yaani mzee kawa na kasi zaidi kuliko alipokuwa na miaka 22! Mwaka 1923 akashinda tena. Mwaka 1924 waandaaji wakaisogeza sehemu ya kuanzia mpaka Hopkinton ili mbio zilingane na urefu wa Olimpiki, akashinda hiyo pia, 2:29:40. Mara tatu mfululizo. Magazeti yakamgeuza jina, wakawa wanamwita Mr. DeMarathon.

Boston ya mwaka ule ndiyo ilikuwa ya mchujo, kwa hiyo akakata tiketi ya Olimpiki ya Paris. Hapo ana miaka 36. Miaka 12 baada ya aibu ya Stockholm, akakimbia tarehe 13 Julai 1924 na kupata medali ya shaba kwa 2:48:14. Mbele yake walikuwa Mfini Albin Stenroos, naye mtu mzima wa miaka 35, na Mtaliano Romeo Bertini. Ukitaka kujua uzito wa shaba ile, baada yake Marekani haikupata medali nyingine ya marathoni ya Olimpiki mpaka Frank Shorter alipochukua dhahabu mwaka 1972. Miaka 48.

Sasa hapa ndo panaponivutia mimi. Baada ya Paris alianza kupigwa, na akaendelea. Mwaka 1925 Boston ikachukuliwa na Chuck Mellor, ambaye kwa sababu ya baridi alijaza gazeti ndani ya fulana yake, na DeMar akawa wa pili chini ya dakika moja nyuma. Mwaka 1926 akatokea kijana wa Nova Scotia, Johnny Miles, miaka 20, hajawahi kukimbia marathoni hata moja, viatu vya bei chee, akawapiga wote wawili, Stenroos na DeMar, kwa 2:25:40. Watu wakashangaa muda ule. Njia ikapimwa upya, ikaonekana inapungua kama mita 160. Lakini aliyeshinda kashinda, na DeMar alikuwa wa tatu, karibu miaka 38. Hapo kila mtu akajua sasa basi, zamu ya vijana.

Mwaka 1927 njia ikawa imerekebishwa, kilomita 42 na mita 195 kamili. Siku hiyo jua lilikuwa kali mno kwa Aprili ya Boston, lami mpya ikawa inayeyuka na kunata miguuni. Miles alikuwa na viatu vyepesi ambavyo baba yake alivichonga soli kwa wembe ili vipungue uzito. Lami ya moto ikamuunguza nyayo, damu, akatoka mapema. DeMar kama kawaida yake akaenda na mwendo wake ule ule, mbele peke yake, akamaliza kwa 2:40:22. Mwaka 1928 akarudia, 2:37:07. Olimpiki ya Amsterdam mwaka huo haikumkalia vizuri, alikuwa wa 27, na dhahabu ikaenda kwa El Ouafi, mzaliwa wa Algeria aliyekimbilia Ufaransa.

Mwaka 1929 Miles akarudi kulipa deni, akashinda, na DeMar akashuka hadi nafasi ya 9. Kipindi hicho maisha yake yalikuwa yanabadilika. Alihamia Keene, New Hampshire, kufundisha uchapaji kwenye chuo cha ualimu. Akaoa, tena akiwa ameshavuka miaka 40. Kama ni mtu wa kutafuta kisingizio cha kukaa chini, alikuwa navyo vya kutosha: mke mpya, kazi mpya, nafasi ya tisa.

Aprili 1930 akashuka tena Boston. Alishika uongozi na hakuuachia. 2:34:48. Miaka 41, karibu 42. Ya saba.

Muda huo ukiuweka leo hauonekani kitu. Kenenisa Bekele akiwa na miaka 41 alikimbia London ya 2024 kwa 2:04:15 akawa wa pili. Eliud Kipchoge akiwa na miaka 40 alikuwa wa sita London 2025 kwa 2:05:25. Lakini hao wana viatu vya kisasa, wana makambi, wana madaktari na hakuna boss anayewasubiri kiwandani saa mbili asubuhi. Tena leo mtu akifika 35 anaingia kwenye riadha ya maveterani, kuna makundi ya umri kila baada ya miaka mitano, kuna rekodi za dunia za miaka 40, 50, 60 na kuendelea. Mashindano ya kwanza ya dunia ya maveterani yalifanyika Toronto mwaka 1975. Zama za DeMar hakukuwa na kitu kama hicho. Bingwa wa zamani aliyetaka kurudi alipangwa mstari mmoja na vijana wa miaka 20, hakuna kundi lake, hakuna kikombe cha wazee. Ukiwa wa 18 wewe ni wa 18, basi. Ni kwa sababu hiyo naona DeMar ndo babu wa maveterani wote, ingawa alikufa miaka 17 kabla ya Toronto.

Wakati huo huo wanasayansi walishaanza kumwangalia kwa jicho la pili. Mwaka 1927 chuo kikuu cha Harvard kilianzisha maabara maalumu ya kuchunguza uchovu wa mwili wa binadamu, na DeMar akawa mmoja wa watu waliokimbizwa kwenye mashine huku wanachukuliwa damu. Mtu wa kawaida akikimbia kwa kasi, asidi ya laktiki inapanda kwenye damu, misuli inaanza kukataa. Kwa DeMar, kwenye mwendo ambao wengine walishaanza kuchemka, kiwango kilikuwa kama cha mtu aliyetoka kutembea. Kumbe ile kutochoka haikuwa ubishi tu, ilikuwa mwilini.

Miaka ya 1930 na 1940 aliendelea. Hakushinda tena Boston, lakini mwaka 1938 alikuwa wa saba, umri miaka 49! Hebu fikiria baba yako mdogo wa miaka 49 anawapita mamia ya vijana kwenye kilomita 42. Alirudi kwenye kazi ya uchapaji Boston, akawa na shamba dogo huko Reading, Massachusetts, anafuga, analima, na wikiendi anakimbia. Alikwenda kwenye vimbio vidogo vya mitaani ambavyo bingwa wa Olimpiki hawezi hata kuvigeukia, vya zawadi ya saa au kikombe cha bati, na alipigwa na watu ambao hakuna anayewakumbuka. Kwa hesabu ya jumla alikimbia zaidi ya mbio 1,000 za masafa marefu, kati ya hizo marathoni zaidi ya 100.

Mara ya mwisho Boston ilikuwa 1954. Miaka 65. Akamaliza wa 78. Zilikuwa zimepita miaka 44 tangu ile ya kwanza, na alikuwa ameshakimbia Boston mara 33.

Kuna watu wanaona huzuni hapo, bingwa mara saba kumaliza wa 78. Nimewahi kusikia hata kwetu, mkongwe akijitokeza kwenye mbio za mtaani watu wanamcheka, eti anajiaibisha, anaharibu jina. Mimi sioni. Yeye mwenyewe hakuwahi kuona kwamba jina lake ni kitu cha kufungia kabatini. Alikuwa mkimbiaji mwaka 1910 wakati hamna anayemjua na alikuwa mkimbiaji mwaka 1954 wakati nusu ya walio njiani hawamjui.

Baadaye saratani ikamkuta. Alipasuliwa, akawekewa njia ya haja kutokea tumboni kwenda kwenye mfuko. Na bado mwaka 1957, na hali hiyo, akakimbia mbio. Alifariki tarehe 11 Juni 1958, nyumbani kwake Reading, siku nne baada ya kutimiza miaka 70.

Lakini stori haijaisha, maana lile swali la mwaka 1911 lilikuwa bado halijajibiwa. Ule moyo je?

Baada ya kufa, mwili wake ulifanyiwa uchunguzi. Matokeo yalichapishwa mwaka 1961 kwenye jarida kubwa la tiba la New England na madaktari wawili, James Currens na Paul Dudley White. Huyu White si mtu mdogo, ndiye daktari wa moyo aliyemtibu Rais Eisenhower alipopata shambulio la moyo mwaka 1955. Walichokuta ni hiki: moyo wenyewe haukuwa umevimba, uzito wa kawaida, na vali zake nzima. Mishipa inayoulisha moyo damu ilikuwa na upana mara mbili hadi tatu ya mtu wa kawaida. Mafuta yalikuwepo kwenye kuta za mishipa, kama kwa wazee wengi wa umri wake, ila njia ilikuwa pana mno kiasi kwamba hayakuweza kuziba kitu. Saratani ndiyo iliyomuua, si moyo.

Tusiruke mbele kuliko ushahidi lakini. Huyo ni mtu mmoja. Haiwezekani kusema kwa uhakika kwamba mbio ndizo zilizopanua ile mishipa, huenda alizaliwa nayo hivyo. Na leo inajulikana kwamba sauti ya ziada kwenye moyo wa mwanamichezo mara nyingi haina madhara, lakini si mara zote. Wapo wanamichezo vijana wanaoanguka uwanjani na kufa. Kwa hiyo wewe unayesoma hapa, ukiambiwa moyo una tatizo, nenda kapimwe vizuri kwa mashine, usijifanye DeMar. Zama zake kulikuwa na sikio la daktari na kifaa cha kusikilizia, basi. Tena madaktari wengi wa wakati ule waliamini kabisa kwamba mbio ndefu zinauchosha moyo kabla ya wakati wake, na mtu akipita miaka 30 ni hatari kukimbia. Ripoti ile ya 1961 ilikuja wakati mzuri, miaka michache tu kabla Wamarekani wa kawaida hawajaanza kutoka na raba barabarani kwa maelfu, na White mwenyewe alikuwa mstari wa mbele kuwahimiza wazee watembee na kuendesha baiskeli.

Huko Keene, mji aliokuwa anafundisha aliposhinda ile ya saba, wameanzisha marathoni yenye jina lake tangu mwaka 1978, inakimbiwa kila Septemba. Humo kuna makundi ya umri, mpaka ya wazee wa miaka 70 na zaidi.

Haya, mwenye stori ya mkimbiaji mkongwe wa mtaani kwake, aliyewahi kutamba halafu akarudi tena barabarani uzeeni, aishushe hapo chini kwenye maoni. Na wale wa kusema Simbu kazeeka, mwaka 2025 alikuwa wa pili Boston na Septemba yake akabeba dhahabu ya dunia Tokyo akiwa na miaka 33. Umri ule ule ambao DeMar ndo kwanza alikuwa anaanza upya.